Meno Matatu ya Kiti cha Nyuma

Gari lilikuwa limesimama nyuma ya kanisa letu la mtaa wa Jericho kwa miaka mingi, hata akina mama wa kwaya wakazoea kuanika majoho yao kwenye vioo vyake vya pembeni. Lilikuwa la mhubiri mmoja mgeni aliyezunguka nalo sehemu kavu za nchi, akipika na kulala humo humo. Aliporudi kwao aliliacha. Ndani lilikuwa na sinki dogo, kabati mbili, na kiti kirefu cha nyuma cha watu watatu. Ukikivuta mbele, egemeo lake lilishuka likawa sawa na kikalio, kikageuka kitanda. Nilichokuwa nakitaka mimi ni hicho kiti.

Mke wangu alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mgongo miaka mitatu kabla ya hapo. Namshukuru Mungu kwamba alisimama tena na kutembea, lakini kuketi wima kulimshinda. Robo saa ikipita, maumivu yalimshuka mguuni na ilibidi alale. Mama yake, mzee sana ambaye hasafiri tena, anaishi kwenye vilima vya nyuma ya Tala. Walikuwa wakizungumza kwa simu kila Jumapili baada ya ibada, mpaka yule mama akaanza kushuku. Alimwambia shemeji yangu, kaka wa mke wangu anayeishi naye, kwamba binti yake alifia hospitalini, na kwamba sisi tumemtafuta mwanamke mwenye sauti inayofanana na yake ili kumtuliza. Akaacha kupokea simu. Alisema atangoja kuletewa mtoto wake, au aonyeshwe kaburi.

Mke wangu aliposikia hayo hakulia mbele yangu. Aliniuliza tu kama najua gari lolote ambalo mtu anaweza kusafiri bila kuketi. Kwa hiyo niliwaendea wazee wenzangu wa kanisa, wakanikubalia nilitumie la mhubiri, mradi nikitengeneze kile kiti na gari libaki likiwasaidia wagonjwa wengine.

Nilishona viti vya mabasi kwa zaidi ya miaka thelathini katika karakana moja kando ya Jogoo Road. Lakini viti vya basi havilali, kwa hiyo nilianza kama mwanafunzi. Nilipochana kitambaa cha zamani nikakuta viota vya panya, ubao uliooza kwa maji ya mvua, na reli zilizoshikana kwa kutu. Reli nilizilowesha kwa dizeli siku mbili, nikazisugua kwa brashi ya waya mpaka zikateleza. Ubao nilibadilisha wote.

Kosa la kwanza lilikuwa langu mwenyewe. Huku kwetu Eastlands, kiti kizuri ni kile kilichovimba. Mteja anaingia kwa fundi wa sofa, anabonyeza sponji kwa kiganja, na isipomrudisha juu anaondoka. Nami nilikata sponji ya inchi sita, nikaivika kitambaa kizito cha kijani mpaka ikakazika kama ngoma. Kiti kilipendeza. Nilipokivuta mbele kiwe kitanda, mito miwili ikabanana na egemeo likabaki limeinama hewani, halishuki wala halirudi. Nilifumua kazi ya siku nne. Nikakata sponji upya kwa kisu cha mkate, inchi nne, nikaanza kushona tena.

Jirani yetu mmoja alikuwa akija kunitazama. Ni mchonga vinyago aliyestaafu, mtu wa kwao na mke wangu, na kwa sababu hiyo humwita mke wangu dada na mimi ananiita shemeji, pamoja na madai yote yanayoandamana na jina hilo. Aliketi kwenye ngazi ya gari akihesabu mishono yangu.

"Shemeji, unashona kama unavyohubiri," akasema. "Mtu atapata usingizi kabla hujafika mwisho."

Nilimwambia kwamba kwa kitanda hiyo ni sifa.

Kazi ilipokwisha, nilimleta mke wangu auone. Alitembea polepole kutoka nyumbani, akaingia, akapitisha mkono juu ya kitambaa, akachunguza pindo. Nilivuta kiti kikalala vizuri, kimya, bila kukwaruza. Nikamwambia ajaribu. Yeye akarudi mlangoni.

"Ni kizuri," akasema. "Lakini sitalala hapo."

Nilidhani ameona ni kigumu. Akatikisa kichwa.

"Mzee, umewahi kuona mtu akipelekwa kwetu amelazwa nyuma ya gari, naye ni mzima?"

Watu wengi wa mitaa hii wana makwao mashambani, na huzikwa huko. Asubuhi baada ya asubuhi magari hutoka hapa na vitambaa vyekundu vimefungwa kwenye vioo, waombolezaji wameketi, na mmoja kalala nyuma. Nimeyasindikiza mengi mimi mwenyewe nikiwa mzee wa kanisa. Nilikuwa nimepima urefu wa mke wangu, upana wa mabega yake na uzito wa mgongo wake juu ya sponji. Atakavyoonekana na mtu aliye nje, hilo sikulipima.

Hata hivyo nilibishana. Nimefundisha katekisimu miaka mingi, na mtu wa namna hiyo hakosi mfano. Nilimkumbusha yule mgonjwa wa kupooza ambaye rafiki zake walimteremsha kupitia darini akiwa juu ya mkeka wake, wala hakuona haya.

"Huyo alirudi nyumbani kwa miguu, mkeka kwapani," mke wangu akasema. "Mimi nitarudi vile vile nilivyoenda. Mama ameshasema nimekufa. Nikifika pale nimenyooka nyuma ya gari, atakuwa amepata jibu lake kabla sijafungua mdomo. Na moyo wake ni wa mtu mzee."

Kwa muda wa wiki moja niliomba Mungu amlainishe. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Niliona ni kiburi cha mgonjwa, na niliamini kwamba subira yangu ingemshinda.

Siku ya Jumatatu tulitoa gari kulijaribu, kwa maana breki zilikuwa zimetengenezwa na nilitaka kujua kama reli zinashika barabarani. Jirani aliendesha, kwa kuwa macho yangu hayafai tena usukani. Mimi nililala kitandani, mikono kifuani, nisikilize vyuma. Tulifuata Kangundo Road mpaka Njiru. Hapo magari yalikuwa yamesongamana, tukasimama kando ya mama mmoja aliyekuwa akiuza mboga na nyanya mezani. Alitazama ndani ya dirisha. Kisha akaweka chini fungu la sukuma wiki alilokuwa amelishika, akapangusa mikono kwenye leso, akainamisha kichwa.

"Pole sana," akamwambia jirani yangu. "Mnazika wapi?"

Jirani akanielekeza kwa kidole gumba. "Bado tunabishana naye," akasema.

Nikaona si vyema, nikainua kichwa ili nimsalimie yule mama. Alirudi nyuma kwa kasi, akaigonga meza yake, na nyanya zikamwagika mpaka barabarani. Tulishuka sote wawili kumwokotea, tukimwomba msamaha, na madereva wa nyuma wakitupigia honi. Hakucheka hata kidogo. Alinitazama nikiokota kama mtu ambaye bado hajaridhika kwamba mimi ni mzima.

Nilimsimulia mke wangu yote, bila kuficha. Nilitarajia acheke, na alicheka kidogo aliposikia habari za nyanya. Kisha akauliza, "Ile pole aliisema kwa nani?"

"Kwa dereva."

"Na wewe ulikuwa umelala pale pale."

Hatukurudi tena kwenye mabishano. Nilimwambia kwamba nitatengeneza namna ya tatu, iliyo kati ya kuketi na kulala, ambayo mgongo wake utaiweza na uso wake utaonekana dirishani. Nilimwambia pia kwamba sijui itakavyofanyika. Akasema hilo halina neno, tuna muda wa siku chache. Hatukujua kama mama yake anazo.

Kupata mwinamo wenyewe kulikuwa kazi ya nyumbani. Niliegemeza ubao wa mlango ukutani, nikaweka mto juu yake na kiti chini. Mke wangu aliegemea hapo kila asubuhi wakati wa mahubiri ya redio, ambayo huchukua karibu saa nzima. Mguu ukianza kumchoma, alinyanyua kidole, nami nikashusha ubao kidogo na kutia alama ya chaki ukutani. Siku ya kwanza alifika kwenye wimbo wa kufungulia tu. Siku ya tano alisikiliza mpaka baraka za mwisho. Nilipima alama hiyo kwa uzi, nikaenda nao kwenye gari.

Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma huko Huruma alinitengenezea fimbo ya chuma ya kuzuia egemeo mahali hapo. Ilishika vizuri gari likiwa limesimama. Barabarani, kila tuta liliirusha kutoka kwenye kishikio chake, na egemeo likaanguka kwa kishindo. Jirani alisikia kishindo cha tatu akiwa kwenye usukani, akaegesha, akasema chuma kinateleza juu ya chuma na hakuna dawa. Kesho yake alikuja na gogo la mpingo ambalo alikuwa amelihifadhi chini ya kitanda chake tangu siku za kazi. Lilikusudiwa kuwa ndovu. Alilipasua vipande viwili, akachonga kila kimoja kwa mviringo, na kwenye mviringo akakata meno matatu makubwa yanayotazama nyuma. Jino la juu ni la kuketi, la kati ni la kuegemea, la chini ni la kulala. Tulivifunga kwa skrubu pande mbili za kiti, na fimbo ya chuma ikawa inaangukia ndani ya jino na kukaa. Gari likiruka, uzito wa mtu uliizidishia kushika.

"Ndovu hakuwahi kunipa shida namna hii," akasema, akinionyesha malengelenge ya viganja vyake.

Niliketi mahali pa mke wangu na kumwomba jirani anitazame kutoka nje. Akasema anaona nywele, na hizo zenyewe ni chache. Kwa hiyo tuliinua kiti chote kwa mbao, vidole vinne, mpaka akasema anaona kidevu.

Tuliondoka siku ya Alhamisi baada ya maombi ya asubuhi. Mimi niliketi kwenye kigoda kando ya mke wangu, mkono mmoja juu ya fimbo ya chuma. Alikuwa kwenye jino la kati, amevaa kilemba chake cha kanisani. Watu walituangalia jinsi watu wanavyoangalia gari lolote kuukuu. Tulivuka Tala bila yeye kulalamika, nami nilimshukuru Mungu kimoyomoyo kila tulipovuka tuta.

Tulipoacha lami na kuingia njia ya vumbi, akaniambia nimweke kwenye jino la juu.

Nilimkumbusha kwamba kumebaki nusu saa, na kwamba nusu saa wima hajawahi kuiweza.

"Weka, Mzee," akasema.

Niliweka. Alishika ukingo wa dirisha kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia alishika bega langu. Jirani aliendesha polepole mno, akikwepa mashimo, na hilo lilirefusha safari. Jasho lilimtoka mke wangu puani na juu ya mdomo. Hakujipangusa, ili asiachie dirisha.

Mama mkwe alikuwa amesimama uani na fimbo yake, watu wengine wa boma nyuma yake. Alilitazama gari likiingia, akamwona binti yake dirishani. Hakukimbia wala hakupiga kigelegele. Alikuja mpaka kwenye kioo kilichofunguliwa, akaingiza mkono, akampapasa uso, kidevu, na shingo. Kisha akamwuliza kwa Kikamba, kwa sauti ya mtu anayemhoji mwizi, "Nani alivunja kibuyu changu cha maziwa?"

"Si mimi," mke wangu akajibu. "Na hata leo nasema si mimi."

Yule mama akawageukia watu wa boma. "Ndiye," akasema.

Alipomgeukia tena aliona jasho, na nadhani aliona na maumivu yaliyokuwa nyuma ya jasho hilo. Sauti ikabadilika. Aliuliza kwa nini tumemkalisha mtoto wake kama mgeni rasmi, hatuoni amechoka, tumlaze. Nilimtazama mke wangu. Wiki zote zile sikuwa nimeweza kumfanya alale kwenye kitanda kile hata dakika moja.

"Laza," akaniambia.

Niliinua fimbo ya chuma, nikaipitisha jino la kati, nikaishusha kwenye la chini. Alilala, akafumba macho, akatoa pumzi ndefu. Mama yake akaamuru yeye mwenyewe ainuliwe apandishwe ndani. Shemeji yangu alimnyanyua kama mtoto, akamweka ukingoni mwa kitanda, miguu yake ikining'inia. Kwao mkwe hakai mahali ambapo mama mkwe ameketi kitandani, kwa hiyo nilikuwa nimeshashuka kwa mlango mwingine. Nilimsikia mama mkwe akisema mlango ufungwe.

Mimi na jirani tulisimama karibu na zizi. Kutoka ndani ya gari tulisikia sauti ya yule mama ikienda mbele bila kusimama, na mara chache sauti ya mke wangu, fupi, ikikanusha jambo. Jua liliendelea kusogea. Chai ilipoletwa kwenye sinia, watu wa boma walitazamana, na hakuna aliyetaka kuwa wa kugonga mlango.