Msomaji wa Duka la Kanzu na Kijana Asiyetengenea

Adhana ya alasiri imekwisha. Katika duka la kanzu la Bwana Ghulam, mtaa wa Ndia Kuu, cherehani zinanyamaza na mafundi wanashika sindano kutarizi shingo za kanzu. Benard Kioko, kijana wa Machakos, hashiki sindano. Anafungua kitabu.

"Haya, Bwana Mdogo ametulia leo, au angali yuatutia tabu?" yauliza sauti ya Bi Mejumaa, mshona kofia, kutoka nyuma ya pazia.

Kazi ya Kioko ni kutia vifungo asubuhi, kuwasomea mafundi jioni, kwa shilingi arubaini kwa mwezi. Kitabu ni hadithi ndefu ya Kiingereza, kongwe kuliko babu zao, aliyoinunua Makadara kwa askari aliyekuwa akirudi kwao vita vilipokwisha. Huigeuza Kiswahili papo hapo. "Huyo hanichoshi, vifungo ndivyo vinavyonichosha," asema akicheka.

Bwana Mdogo ni jina walilompa kijana wa kitabuni, yatima aliyelelewa na shangazi muuza mayai. Amewasumbua tangu Ramadhani. Aliuza koti lake kumnunulia rafiki dawa, duka zima likamwombea dua. Kurasa chache mbele, akamsingizia rafiki huyo huyo wizi.

Bwana Ghulam akawaka. "Akifanya aibu nyingine, kitabu nakifunga! Hapa nafundisha kushona, sifundishi uhuni."

Kioko akaogopa, maana sura iliyofuata alikwisha kuichungulia, na aibu nyingine imo. Kitabu kikifungwa, atabaki na vifungo tu. Basi akaanza kumsafisha kijana: penye uwongo akaparuka, penye kiburi akatia salamu.

Haikuchukua muda, Kadenge, fundi hodari wa darizi, akawa anasinzia sindano mkononi. Wengine wakaanza tena kutoka nje kupiga soga. Juzi Bi Mejumaa hakustahimili.

"Kioko mwanangu, huyu umempeleka Maka lini? Mbona karudi haji na hakutuaga?"

Duka likaangua kicheko. Kioko akajifunika uso kwa kitabu, kisha akarudisha kurasa nyuma, akasoma yaliyoandikwa: shangazi anafika kwenye karamu ya matajiri na kikapu chake cha mayai, kumwona kijana wake. Kijana anamtazama, anawaambia wenyeji, "Mpelekeni jikoni. Atakuwa amemfuata mpishi."

"Hana haya huyu!" pazia likalia. Kadenge akajidunga kidole.

Bwana Ghulam akainuka, akanyoosha mkono. Kioko akampa kitabu. Mzee, asiyesoma Kiingereza, aliukodolea macho ukurasa ule, akakirudisha kitabu.

"Na yule mama, alikwenda jikoni?"

"Alikwenda, bwana."

"Soma, basi. Wangoja nini?"

Sura chache zimebaki. Kioko anapanga kuiandika hadithi yote kwa Kiswahili, isomwe na mafundi wa maduka mengine. Kijana atatengenea mwishoni? Hajui, na safari hii hataki kuchungulia.

"Atakavyokuwa na awe," asema, akitafuta mahali alipoishia. "Simpigi pasi tena."