Mwenye mke aliyenifuata kazini ili tukapime VVU alikuwa mama wa miaka sitini na kitu

Wakuu, heshima mbele. Humu ndani mimi ni msomaji wa siku nyingi, huwa nacheka na nyuzi za watu kisha naondoka kimya. Leo naandika ya kwangu. Majina nimebadilisha, mengine yote nayaeleza yalivyotokea, hata yale yanayoniaibisha.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, mageti na madirisha, hapa Tarime mjini. Nina miaka thelathini na nne, sijaoa.

Mwaka juzi nilikuwa na uhusiano na dada mmoja wa Turwa, tumwite Ghati. Ghati alikuwa mke wa mtu. Ila huyo mtu mwenyewe alikuwa mwanamke.

Kwa wasio wa Mara nieleze kidogo. Kwetu Wakurya kuna ndoa inaitwa nyumba ntobhu. Mama mtu mzima asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa binti, binti anazaa na mwanaume waliyemkubali, na watoto wanakuwa wa mji wa yule mama, yaani wa boma lake. Hao wawili hawana mambo ya kimapenzi, wanaishi kama mtu na mkwewe. Mwanaume anakuja na kuondoka. Hadaiwi kitu na hadai kitu.

Nisiwafiche, hilo la kutodaiwa kitu ndilo lililonivutia.

Mwenye mji tumwite Mama Marwa. Mfupi, mkulima wa mahindi na mihogo, maneno machache. Nikifika nampa shikamoo, anaitikia marahaba, anachukua jembe lake anaenda shamba. Miezi mitano hatukuwahi kuongea zaidi ya hapo.

Asubuhi moja niko kazini, nainua kinga ya uso, namwona amesimama mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Zima hiyo mashine, nina neno na wewe."

Nikajua tayari, Ghati ana mimba. Nikaanza kutafuta la kusema.

"Juzi watu wa afya walikuja kwenye kikundi chetu cha akina mama," akasema. "Wakafundisha habari za ukimwi. Nimesikiliza mpaka mwisho. Wewe na Ghati mtakwenda kupima. Mimi nitawapeleka."

Wakuu, hebu fikirieni. Mama wa umri wa mama yangu mzazi ananitajia ukimwi usoni bila kupepesa macho. Kulikuwa na mteja amekuja kuulizia geti lake, akainamia simu akajifanya hasikii.

Nikajibu kwa kiburi. "Mama, mimi ni mzima. Mpime yeye, ndiye nisiyejua alikotoka."

Maneno hayo yananichoma mpaka leo.

"Yeye ameshakubali," akasema. "Nakusubiri wewe." Akaondoka.

Nilimkwepa karibu mwezi mzima. Kwa Ghati nikaacha kwenda, simu yake nikawa sipokei. Lakini Mama Marwa kila akija sokoni lazima apite kwangu. Anasimama mlangoni, anauliza, "Umeamua?" Nikishusha kinga ya uso anakwenda zake.

Siku moja hakuondoka. Aliketi juu ya fungu la mabomba, akanitazama.

"Hujawahi kuniuliza Marwa yuko wapi."

Kweli sikuwahi. Kila siku naita Mama Marwa, Mama Marwa, wala haikunijia kwamba kuna Marwa.

"Marwa alikufa," akasema. "Na mdogo wake akamfuata. Walikonda mle ndani kwangu, mimi ndiye nawaogesha. Watu wakasema wamerogwa, na mimi nikasema wamerogwa, maana niliona haya kusema lingine. Tukazunguka kwa waganga mpaka zizi likabaki tupu. Sasa juzi yule nesi wa kikundini anaeleza dalili, nikaona anawaeleza wanangu."

Hakulia. Akainuka kwenye mabomba, akasema, "Ghati simziki mimi."

Kesho yake tulienda kituo cha afya, sote watatu.

Mshauri alikuwa dada mpole. Akatuuliza kama tunataka majibu pamoja au kila mtu kivyake. Tukasema pamoja. Mama Marwa akabaki nje kwenye benchi. Tukatobolewa vidole, tukasubiri. Ghati alimaliza mapema. Mimi nikarudiwa na kipimo kingine, na bado sikushtuka. Nikadhani ni utaratibu.

Mnajua nilikuwa nafanya nini muda huo? Nilikuwa namwangalia Ghati kwa huruma. Nilishaandaa na maneno ya kumpa pole.

Majibu yakasomwa. Ghati hana maambukizi. Mimi ninayo.

Masikio yaliziba. Nilimwona mshauri anaongea, midomo inakwenda, sisikii. Niliporudiwa na akili nikasikia Ghati anamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi nirudi lini kupima tena?" Akaambiwa arudie baada ya miezi mitatu, akaelezwa na habari za dawa kinga kwa asiye na maambukizi. Mkono wangu alikuwa ameushika. Akauachia taratibu.

Mama Marwa nilimwambia mwenyewe pale nje. "Ni mimi, mama. Ghati ni mzima."

Nilitegemea anitukane, na nilistahili. Akauliza, "Dawa wanatoa hapa hapa?"

"Ndiyo. Wamesema naweza kuanza leo leo."

"Basi rudi ndani ukachukue. Tunakusubiri."

Nilidhani mshtuko umeishia hapo.

Mshauri alikuwa ameniomba nimtafute mwanamke niliyekuwa naye zamani, naye apime. Alikuwa mjini Mugumu, kule Serengeti. Niliwahi kufanya kazi kule miaka miwili, nikaishi na dada mmoja, tumwite Rhoda. Tuliachana kwa ugomvi, nikamblock. Ilinichukua wiki nzima kumfungulia na kupiga.

Nikaeleza kwa kubabaika. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilijijua mwaka ule ule ulioondoka," akasema. "Nilikupigia, ukanifungia. Nikamtuma dada yangu mpaka hapo Tarime, ukamwambia nisikusumbue."

Nikakumbuka. Dada yake alikuja kweli, akasema Rhoda ana jambo kubwa la kuniambia. Mimi nikajua anataka turudiane. Nilimjibu vibaya mbele ya watu, nikaona nimeonyesha uanaume.

Nani aliyemwambukiza mwenzake hatujui, na Rhoda aliniambia niache kutafuta. Yeye anameza dawa, ameolewa, mume wake anajua na hana maambukizi, wana mtoto naye mzima. Mimi miaka yote hiyo nilikuwa natembea na kitu ambacho mtu alisafiri kutoka Mugumu kuja kuniambia, nikamfukuza.



Ghati alipima tena baada ya miezi mitatu, na baadaye tena. Yuko salama. Lakini kwangu hakurudi, na sikumlazimisha. Sasa yuko mwanaume mwingine pale, na nasikia Mama Marwa alimpeleka kupima kabla hajavuka kizingiti. Iliniuma. Ingekuwa uongo kusema haikuniuma.

Kliniki waliniambia nichague mtu mmoja wa kunikumbusha dawa. Nilifikiria ndugu, nikafikiria marafiki wa kijiweni, wote nikaona hapana. Nikamwomba Mama Marwa. Akasema sawa, kana kwamba nimemwomba chumvi.

Miezi sita baadaye walipima wingi wa virusi, kipimo hakikuviona. Daktari akanieleza kwamba nikiendelea hivi siwezi kumwambukiza mtu kwa ngono. Nilikwenda Turwa kumwambia yule mama. Akaniuliza, "Kwa hiyo umepona?"

"Hapana mama. Vimezimwa tu, dawa naendelea nazo."

"Basi meza," akasema, akanipa kigoda nikakaa nikala ugali pale kwake.

Nilichojifunza wakuu ni hiki. Maisha yangu yote nilijua ukimwi unakaa kwa mtu mwingine, kwa yule mwanamke nisiyejua alikotoka. Kumbe mimi ndiye nilikuwa yule mtu kwa wengine. Kapime hata kama unajiona mzima. Nami nilijiona mzima, nabeba geti la chuma peke yangu.

Wenye kejeli karibuni pia, nimeshazoea.

Ila nina ombi kwa wale ambao nao wako kwenye dawa. Mama yangu mzazi bado hajui, na Jumamosi hii nakwenda nyumbani kumwambia. Mliowaambia wazazi wenu, mlianzaje? Nipeni hata ile sentensi ya kwanza tu.