Matuta Mawili ya Mwisho

Agosti inapoelekea ukingoni, watu wa kwetu huanza kutazama juu. Mtu anakusalimia, anakuuliza habari za watoto, na macho yake yote yako upande wa Burundi ambako mawingu hutokea. Wingu dogo likichomoza, wanafurahi. Mimi hukasirika. Nasema kweli, hukasirika kabisa, nikalitazama lile wingu kama mtoto aliyeingia sebuleni na miguu ya matope. Najua mvua ndiyo maharage, ndiyo mahindi, ndiyo maji ya kisima. Najua pia kwamba mtoto wa wakulima anayeichukia mvua ana kasoro mahali. Lakini mvua ikifika Keza, kijijini kwetu, mimi naondoka Keza, na hapo ndipo panaponiuma.

Nimeolewa Biharamulo. Nashona nguo kwenye baraza la duka moja pale mjini. Kwa barabara si mbali: ukipanda gari asubuhi, kisha bodaboda, kabla jua halijashuka umeshafika kwa mama. Ila umbali wa mke wa mtu haupimwi kwa barabara. Huwezi kufunika cherehani, ukaacha mume na watoto, ukaenda kukaa kwenu majuma kadhaa kwa sababu eti umemkumbuka mama yako. Majirani watasema ndoa imekushinda. Ukiitwa kwenye kazi, hilo ni jambo jingine. Kwenye kazi hata mkwe wako atakufungia chakula cha njiani.

Kwa hiyo kila kiangazi mama huniita kwenye kazi. Hunipigia simu kwa sauti ya juu, maana haamini kwamba chombo kidogo vile kinaweza kufikisha maneno Biharamulo bila kusaidiwa, na husema yale yale: "Mihogo imekomaa. Njoo tuanike." Haongezi kitu. Hajawahi kuniambia kwamba amenikumbuka, wala mimi sijawahi kumwambia. Namgeukia mume wangu, namwambia mama ana mihogo, naye anajibu basi nenda, mzigo ule hauwezi peke yake. Ni mtu mwema. Pia anapenda ugali wa muhogo, na anajua nitarudi na gunia.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama hana subira hiyo. Nikishamwamkia shikamoo, akiitika marahaba, ananielekeza jembe liliko.

Nyuma ya nyumba yetu, ukishapita migomba, kuna mwamba mpana uliolala kwenye mteremko. Wakati wa mvua ni jiwe tu, lina utelezi, hakuna anayelisogelea. Kiangazi linageuka kuwa baraza la wanawake. Kila nyumba ina sehemu yake iliyozungushiwa mstari wa vijiwe, na ole wako kipande chako kimoja kivuke kwa jirani. Tunang'oa mihogo, tunamenya, tunailoweka mpaka ilainike na kutoa ile harufu yake inayomtambulisha kila anayetoka kuifanyia kazi, kisha tunaivunjavunja na kuianika juani. Baada ya hapo inabaki kukaa, kugeuza na kufukuza mbuzi.

Hapo ndipo mama huzungumza. Shambani ni mtu wa kulima, jikoni ni mtu wa kutoa amri, lakini juu ya mwamba, akiwa amenyoosha miguu na fimbo ya mbuzi iko pajani, mdomo wake hufunguka. Karibu kila ninachokijua kuhusu maisha yake nimekisikia pale. Mwaka fulani alinisimulia kwamba alipoletwa kutoka Mbuba kuolewa, siku ya harusi hakulia hata kidogo, mashangazi wakamwona ana moyo mgumu. Alilia siku mvua ya kwanza ilipoanguka, kwa sababu kila mtu alichukua jembe, naye akapewa lake, akaelewa kwamba sasa amefika.

"Hukuwa ukirudi kwenu?" nilimuuliza.

"Nilikuwa narudi. Kila kiangazi mama aliniita nikamsaidie kukata nyasi za kuezekea. Nyumba yake ilikuwa ndogo, lakini nyasi alizozitaka zingeezeka kanisa." Akacheka, akamtupia mbuzi kijiwe. "Kisha kaka zangu wakamwekea bati. Watu wote wakampongeza. Tangu hapo hakuna aliyeniita tena."

Nilicheka naye. Niliona ni hadithi ya kuchekesha, ya bibi na nyasi zake.

Sasa nimtaje wifi yangu, mke wa kaka, maana bila yeye haya hayasimuliki. Kaka alimwoa Biharamulo kama mimi nilivyoolewa Biharamulo, na wifi hutania kwamba familia zetu zilibadilishana mali na kwao wakapunjwa. Ni mchapakazi, ana kicheko cha kusikika mlima wa pili, na Kihangaza chake, lugha ya kwetu, mpaka leo kinachechemea. Mama anamsemesha kwa Kiswahili chake cha sokoni, ambamo r na l hupeana nafasi bila ugomvi. Wanapendana. Nakiri zamani nilimwonea wivu, kwa kuwa yeye ndiye anayeamka karibu na mama kila siku, lakini mtu mwenye roho kama ile huwezi kumchukia muda mrefu, unachoka.

Kaka na wifi wamekuwa wakibadilisha shamba kidogo kidogo. Mihogo ilipigwa na ugonjwa, majani yakakunjamana, wao wakahamia kwenye mahindi na maharage, na sikuona kosa lao. Ikabaki ile mihogo ya mama tu, matuta machache karibu na migomba. Na kila mwaka, tunapong'oa, mama huyaruka matuta mawili ya mwisho.

"Hayo bado," husema. "Hayajakomaa."

Mimi nimezaliwa kwenye mihogo. Naijua. Miti ya pale ilikuwa minene kuliko mkono wangu na ardhi chini yake imepasuka kwa unene wa mizizi. "Mama, hii imekomaa mpaka imeanza kuzeeka," nilikuwa nikimwambia. "Au unawafugia fuko?"

"Acha."

Basi naacha. Mwaka unaofuata hayo ndiyo tunayoanza kuyang'oa, na mengine mawili yanarukwa. Nilidhani ni ukaidi wa wazee.

Mwaka huu nilipofika nilikuta macho ya mama yameingia ukungu. Alinitambua kwa sauti, akanishika uso kwa viganja vyote viwili, kisha, sijui aliona aibu, akaniuliza kama nimeleta sabuni. Kupanda mwambani hakuweza tena. Nilimtandikia mkeka chini ya mwamba, kwenye kivuli cha mgomba, akawa anapaza sauti kutoka huko: "Umegeuza? Upande wa juu umegeuza?" Na mimi huku juu, kwenye jua, najibu ndiyo mama, tayari mama, na mazungumzo yetu yote ya kiangazi yakaishia humo. Huwezi kumpigia mtu kelele za kumuuliza maisha yake huku wanawake wa kijiji kizima wanasikiliza. Nilijiambia kesho nitashuka nikae naye mkekani. Kesho yake kulikuwa na mzigo mpya wa kuanika. Keshokutwa vilevile.

Halafu upepo ukageuka. Ilikuwa mchana, anga iliyokuwa na moshi wa nyasi zilizochomwa ikawa nyeusi ghafla, na jirani mmoja akapiga yowe. Mwamba mzima ukasimama. Wanawake tulikusanya mihogo kwa mabeseni, kwa vitenge, kwa mikono, mistari ya vijiwe ikakanyagwa na hakuna aliyejali kipande ni cha nani. Matone ya kwanza yakaanguka, mazito, na harufu ile ya vumbi likilowa ikapanda. Wenzangu walikuwa wanacheka. Wamelowa, mihogo yao mingine imeharibika, na bado wanacheka, maana kesho watapanda. Na mimi, siwezi kudanganya, ile harufu iliniingia vizuri. Ni harufu ya utoto wangu. Niliivuta nikiwa nalia kwa hasira, na aliyeniuliza nilimwambia ni vumbi.

Mama alikuwa ameshaingia ndani kwa kupapasa. Nilipofika na beseni la mwisho nilimkuta ameketi mlangoni, na wifi amesimama chini ya paa la nyuma ya nyumba, matope mpaka magotini, anahema, kicheko kimejaa usoni. Miguuni pake kulikuwa na lundo la mihogo mibichi, minene, mirefu, yenye udongo mwekundu.

"Wifi, usiniambie sikupendi," akasema. "Nimeona unaondoka na kagunia kadogo, nikasema haiwezekani. Nimekung'olea yale matuta yaliyobaki. Biharamulo bado hakujanyesha, utaanika kwako. Na kaka yako naye amepata pa kupanda maharage."

Mama aligeuza kichwa. "Umemariza yote?"

"Yote, mama," wifi akajibu kwa fahari. "Sijaacha hata mzizi."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Mama alikuwa ametazama mahali ambapo hakuna mtu, mikono imekaa juu ya magoti. "Asante, mwanangu," akasema. "Umefanya kazi."

Ndipo nikakumbuka bati la bibi yangu kule Mbuba. Nilikaa chini pale pale kwenye udongo. Miaka yote ile nimemcheka kwa kuwafugia fuko, kumbe kila kiangazi alikuwa ananiwekea akiba ya kingine, ili aweze kupiga simu na kusema mihogo imekomaa. Nilimtazama wifi, na hasira yote niliyokuwa nimeibeba kutoka mwambani haikupata pa kwenda. Ningemwambia nini? Alikuwa amenipenda kwa nguvu zake zote, juani na mvuani, na matope yake yalikuwa shahidi.

"Miti yake umeitupa wapi?" mama akauliza.

Mvua ilipopungua ikawa manyunyu, mama alitaka apelekwe kwenye matuta. Nilimshika mkono hadi kwenye migomba, nikamletea ile miti na panga. Aliikata kwa kupapasa, kidole gumba kikitafuta vifundo, kila kipande na vifundo vyake, bila kukosea. Mimi nilikuwa nachomeka. Punde wifi akaja na jembe, akaanza kuinua tuta mbele yetu bila kuuliza. Sidhani kuna aliyemweleza. Alilima kimya, na huyu ni mtu asiyejua kunyamaza.

Udongo ulikuwa laini, unapendeza, unashika mti vizuri. Kiangazi usingeweza kupanda hata kijiti kimoja. Niliona jambo hilo na likanichanganya, kwamba mvua iliyokuwa inanifukuza ndiyo hiyo hiyo pekee iliyoweza kunipandia cha kunirudisha.

"Mbegu yetu hii ni ya kuchelewa kukomaa," mama akasema, kwa Kihangaza, kwangu peke yangu. "Kiangazi kijacho itakuwa vimizizi tu. Mpaka kile kingine." Akakata kipande kimoja zaidi. "Kiangazi kijacho watakuuliza unakuja kufanya nini."

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa fupi, lile neno ambalo hatujawahi kuambiana, na lilikuwa limeningoja toka siku aliponishika uso. Mama alikuwa amesimama akilisubiri, uso umeinuliwa kidogo, manyunyu yanamshukia, panga limening'inia mkononi. Nikasema, "Mama, mvua inaongezeka. Twende ndani."

"Twende," akasema.

Asubuhi yake kila mtu alikuwa shambani, mgeni hana nafasi siku ya kupanda. Mwendesha bodaboda alifunga magunia mawili kwa kamba za mpira, akalalamika uzito. Mama alinisindikiza hadi kwenye migomba, pale kwenye vijiti vyetu, akakiinamia kimoja na kukigandamizia udongo ambao tayari ulikuwa umegandamizwa.

Nimeianika mihogo kwenye turubai, uani kwangu. Jana mume wangu alitoka kuitazama, akaigeuza kwa mguu, akaridhika.

"Mwaka huu mama amekupa mzigo wa maana. Kule shambani kumebaki mingi?"

"Hakuna. Imepandwa juzi tu."

Akafikiri kidogo, kisha akaniwekea mkono begani, kwa wema kabisa. "Basi afadhali. Mwakani utapumzika, safari ile inakuchosha."

Nikafungua mdomo. Wingu lilikuwa limeshafika Biharamulo, jeusi, limeinama juu ya mabati ya mjini, na watoto wa jirani wakaanza kulishangilia. Nikainama, nikashika ncha ya turubai, nikamwomba ashike ya pili tuanue.