Nilimwambia Bibi Ni Minyoo

Admin, naomba ufiche jina langu na la kanisa letu. Mimi ni msichana wa miaka kumi na tisa, wa Munkunyu huku Kasese. Nimemaliza sekondari juzi tu na niko nyumbani kwa bibi aliyenilea. Jambo hili sijamwambia mtu, hata kwenye kitubio nililiruka. Mimi ndiye niliyepeleka ugonjwa kwa mwanamke asiye na kosa, na sasa yeye ndiye anayeaibishwa.

Bibi yangu yumo kwenye kikundi cha akina mama wa kanisani. Ukipewa ng'ombe na kikundi, ndama jike wa kwanza si wako. Ukishamwachisha maziwa unampitisha kwa mama anayefuata mbele ya wote, baada ya misa, ndipo ng'ombe mkubwa anakuwa wako kabisa. Ng'ombe wetu alizaa madume mawili mfululizo. Akina mama walikuwa wakimcheka bibi: "Mama, wewe unazaliwa askari tu! Sisi tutakunywa maziwa lini?" Naye alicheka nao, lakini akifika nyumbani ananyamaza. Jike alipozaliwa, bibi alinunua kamba mpya siku hiyohiyo na kuitundika ukutani.

Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na sita. Kabla ndama hajapitishwa, mama yake alianza kuharisha. Alikula vizuri lakini alikonda, mbavu zikaonekana, na chini ya taya pakavimba. Daktari wa mifugo akaja, akachukua kinyesi na damu akapeleka kupimwa. Majibu aliyaleta kwa simu ya bibi, lakini bibi alikuwa sokoni Bwera, simu ameiacha nyumbani. Nilipokea mimi. Alisema ni ugonjwa wa Johne, wadudu wadogo wanaokaa kwenye utumbo, hauna dawa. Niliandika maneno yake kwenye daftari: ndama huupata akiwa mdogo, kwa maziwa na kwa kinyesi kilichoshika kwenye chuchu, unaweza kujificha miaka miwili au zaidi. Mwisho akasema, "Huyo ndama msimpe mtu. Mwambie bibi yako, umesikia?" Nikajibu, "Nimesikia, daktari."

Ilikuwa Alhamisi, na ndama alikuwa apitishwe Jumapili.

Bibi aliporudi na kitenge kipya cha siku hiyo, aliniuliza kabla hajaketi: "Daktari anasema nini?" Nikamwambia, "Anasema ni minyoo." Nilitaka asichekwe tena. Na nisiwafiche, nilitaka pia ng'ombe na maziwa yake yawe yetu kabisa. Bibi aliwaambia majirani, "Mjukuu wangu iko anasoma, anaongea na daktari Kizungu." Nilichana ule ukurasa na kuuficha chini ya godoro. Jumapili bibi alicheza ngoma mbele ya kanisa akivuta ndama kwa kamba mpya. Maziwa tuliyanywa miezi minne tu, ng'ombe akafa. Watu wakasema ni ile minyoo. Yule daktari alikuwa ameshahamishwa.

Aliyempokea ndama nitamwita Mama Kavira, si jina lake. Ni mjane kutoka upande wa Butembo, kule Kongo, alikimbia vita na watoto wake, anauza unga wa muhogo. Ndama yule alimtunza kama mtoto mpaka akakua. Kila asubuhi alikata majani kando ya njia kabla ya kufungua biashara. Mwaka huu ng'ombe akazaa jike, tukashangilia. Wiki chache baadaye akaanza kuharisha na kukonda, vilevile kama mama yake.

Wiki iliyopita Mama Kavira alikuja kwetu akapiga magoti mbele ya bibi. "Munisamehe, mama. Mulinipa ngombe muzuri, miye niko namuua. Nimemupa dawa ya minyoo mara tatu, haisaidie. Batu banasema mukimbizi hajue ngombe." Bibi alimwinua, lakini akamwambia, "Labda majani yako mabaya. Ya kwangu ilikuwa minyoo tu." Halafu Mama Kavira akanigeukia mimi. "Mutoto wangu, weye ulisoma. Kuya uangalie, niko nakosea wapi?"

Nilikwenda. Zizi lake ni safi kuliko letu. Ndama alikuwa ananyonya kwenye chuchu zenye kinyesi, mbuzi watatu wanakula palepale. Nilisema, "Hukosei kitu, mama," nikageuka kuondoka. Alinifungia unga nibebe nyumbani. Nikaupokea.

Sasa kikundi kimeamua kumchukua ndama Jumapili hii, mapema, "kabla hajamuua na huyo." Atapewa mama kijana mwenye mapacha. Mama Kavira atasimamishwa mbele ya wote kama mtu aliyeharibu zawadi, na bibi ndiye aliyechaguliwa kushika kamba.

Ule ukurasa bado ninao. Umekuwa wa njano lakini unasomeka. Kila nikimkaribia bibi nao, anaanza kuniombea nipate chuo, kwa sababu eti mimi ni taa ya nyumba hii. Presha yake si nzuri. Nianze na bibi, au niende kwa Mama Kavira kwanza, maana ndiye niliyemkosea zaidi? Au nisimame kanisani niseme kwa wote, mimi ambaye hata somo sijawahi kusoma mbele za watu? Ninyi wakubwa wangu, mngekuwa mimi mngeanzia wapi?

Na ninyi wa Munkunyu na Bwera mnaosoma hapa, najua wengine mmeshanitambua. Nawaomba siri hii mnitunzie mpaka Jumapili tu. Bibi asiisikie kwa mtu mwingine kabla ya kuisikia kwangu.