Nilitupa biskuti za Purimu nikidhani ni dawa za kulevya

Wakuu, salaam kutoka Doha. Hii ni kweli tupu, anayebisha aje Najma nimwonyeshe lile pipa la taka.

Miaka ile mji mzima umechimbwa kwa ujenzi, nilikuwa dereva wa gari la kukodi. Mteja wangu wa kudumu alikuwa Sam, injinia Mmarekani, Myahudi, anakaa Al Thumama. Nikipandisha bei anacheka tu, analipa.

Jioni moja akanipa mfuko. "Sadiki, mpelekee Ari hotelini Al Sadd. Kabla jua halijazama."

Ari namjua. Wako ofisi moja, meza zinatazamana!

Sasa mtu unayemwona kila siku, ya nini kumtumia mzigo kwa dereva?

Kwenye foleni Najma nikachungulia. Tende, sawa. Halafu biskuti za pembe tatu, ndani kitu cheusi kinanata.

Wakuu, madawa haya! Hapa ukishikwa na madawa, kwenu wanakusahau. Nikazihesabu mara mbili, sita, kana kwamba hesabu ingenitetea mahakamani. Zote pipani.

Hotelini, Ari akafungua mfuko. "Tende tu?"

"Tende tu, boss."

Akampigia Sam, akaweka loudspeaker.

"Na biskuti?" Sam akauliza.

Nikasema ukweli. Ari alicheka mpaka akakaa chini. Sam hakucheka.

"Leo ni Purimu, sikukuu yetu. Lazima umpelekee Myahudi mwenzako vyakula viwili tofauti, tayari kuliwa, na desturi ni kutuma mtu avipeleke. Kimoja hakihesabiki. Mji huu namjua Ari peke yake, na jua linazama!"

"Ninunue nini, boss?"

"Tunda lolote, kwa niaba yangu. Kimbia!"

Duka la pembeni, bhai, yule Mhindi muuzaji, akataja bei ya ndizi. Wizi mtupu. Nikalipa bila neno. Bhai mwenyewe akashtuka, amezoea tunagombana hata kwa kitunguu kimoja.

Ari kushika ndizi tu, adhana ya Maghrib hiyo.

"Imehesabika?" Sam kwenye simu, sauti ndogo.

"Imehesabika, ndugu yangu."

Nilijua mteja nimempoteza. Asubuhi Sam huyo, na mfuko mwingine. "Hizi zako. Nimeoka mwenyewe, kile cheusi ndani ni tende. Kagua kwanza."

Nikahesabu mara mbili. Sita.

Nilichojifunza: kuogopa ruksa, ila uliza kabla ya kutupa. Haya, nyie mngeupeleka ule mfuko bila kuchungulia? Semeni ukweli.