Mkono wa Fundi na Kibali Changu

Nilifika Mwanza kutoka Voi, ng'ambo ya mpaka, nikiwa na barua ya kujitolea kwa mwaka mmoja katika kituo kidogo cha afya huko Mkuyuni. Kazi yangu ilikuwa kuwafanyisha mazoezi watu waliopooza. Siku ya kwanza mganga mfawidhi, mama aliyekisimamia kituo, alinionyesha kitanda cha mazoezi, kipya, bado kimefungwa nailoni. Kisha akasoma makaratasi yangu, akayarudisha mezani. Walionituma walikuwa wameandika kwamba mimi ni mwalimu. Maombi ya kibali cha kazi yalibidi yaanze upya, na mpaka kitoke, alisema, nisimguse mgonjwa yeyote. Alikadiria wiki tatu.

Wiki ya pili akaja fundi cherehani, mzee wa miaka sitini hivi, akishikwa bega na mkewe. Alikuwa amepata kiharusi mwezi uliotangulia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akauweka mkono wake wa kulia juu ya meza yangu kama mtu aliyeleta nguo irekebishwe. Vidole vilikuwa bado laini, havijaanza kujikunja. Niliona kwa macho tu.

Nikawaeleza habari za kibali, nikawashauri waende hospitali kubwa. Mkewe akasema huko walishapangiwa tarehe, nayo ilikuwa mbali.

Wakawa wanakuja kila Jumanne kuuliza. Siku nyingine nilipanga mafaili, nilifuta vumbi kwenye kitanda, nilikwenda ofisi ya vibali kuulizia changu. Niliambiwa kwa upole nirudi wiki ijayo. Mwanzoni nilibishana. Kufika mwezi wangu wa tatu pale nilikuwa nasema asante na kutoka, na jioni nilitembea hadi ziwani, nikasimama kando ya magugu maji bila kuwaza lolote.

Mwezi wa nne nilimwomba mganga mfawidhi nimwelekeze mke wa fundi kwa mdomo tu. Akasema tukikaguliwa kituo kitafungwa, na akaniuliza wajawazito wa mtaa ule watajifungulia wapi. Nikarudi kwenye mafaili yangu. Ila nilijua fundi anapokaa, mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu, na hakuna ambaye angeniona. Sikwenda. Niliogopa kurudishwa kwetu.

Kibali kilitoka mwezi wangu wa saba. Jumanne ile fundi alilala kitandani, nikaushika mkono wake kwa mara ya kwanza. Vidole vilikuwa vimejikunja, vimekakamaa ndani ya kiganja. Nilipojaribu kunyoosha kidole gumba alifumba macho.

"Mwanangu, mkono huu utashika mkasi tena?" aliuliza.

"Sidhani, mzee."

Alimgeukia mkewe. "Tungekuja mapema," alimwambia, kana kwamba kosa lilikuwa lao.

"Mlikuja mapema," nikasema. Sauti yangu ilitoka ndogo, sijui kama walinisikia.

Tulifanya mazoezi kwa miezi minne. Kiganja kilifunguka kiasi cha mkewe kuweza kukiosha kwa ndani kwa kitambaa, basi. Cherehani walimpa mpwa wao. Baadaye Jumanne zikapita bila wao kuja, nami sikuwafuata kuwauliza sababu.

Mwaka ulipokwisha walionituma waliniuliza kama ningependa kuongeza mwingine. Ingebidi kuomba kibali kipya. Nilikwenda stendi ya mabasi ya Buzuruga asubuhi, nikapanda basi la kurudi kwetu.