Mama Mkwe Nyuma ya Pazia

Nakumbuka asubuhi moja ya siku ya soko, mwanangu, mji mzima wa Sori ukinuka omena, wale dagaa wa ziwani, nami nimesimama mlangoni mwa chumba changu cha kutibia, nyundo ya mpira ikichungulia mfukoni. Nyundo ile ya kugongea magoti niliipenda kuliko saa yangu ya mkono. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nina miaka miwili tu tangu nitoke chuoni, na ingawa cheo changu kilikuwa afisa wa kliniki, watu waliniita daktari nami sikumsahihisha mtu. Basi siku hiyo shemeji zangu wawili waliingia uani wamembeba mama mkwe wangu juu ya kitanda cha kamba. Hakuweza tena kusimama.

Nakusimulia haya wewe, kijana wa kazi yangu, kwa sababu ya simu yako ya juzi. Uliniambia huko kituoni kwako Kosele amekujia mchungaji mzee, mkono umekufa ganzi, ukaona haya kumwambia avue shati. Ukampa dawa ya maumivu na kumwambia arudi baada ya wiki mbili. Ulicheka kidogo uliposema hivyo. Kama uliona nimeikata simu mapema, ndiyo sababu. Sikukukasirikia wewe, nilijikumbuka mimi.

Mama mkwe tulimwita Mama Adongo, kwa jina la binti yake, ambaye ndiye mke wangu. Alikuwa mkulima wa mtama kule Magunga, mwanamke wa maneno machache na mikono yenye nguvu. Unajua kwetu Wajaluo mama mkwe ni mtu wa aina gani. Halali nyumbani kwako, hamketi pamoja ovyo, na kuuona mwili wake ni jambo ambalo hata kulitamka ni kosa. Tulilelewa tukiambiwa kwamba anayevuka mpaka huo huiletea nyumba chira, ule ugonjwa wa kukonda na kufifia unaomwandama mvunja miiko. Mimi nilikuwa nimesoma, naam, lakini kusoma hakukuondoi katika tumbo la mama yako.

Alikuwa amekuja mara mbili kabla ya siku hiyo. Mara ya kwanza alifikia kwa shangazi yake mke wangu, akaja kituoni akitembea mwenyewe, polepole. Tulisalimiana kila mtu akitazama pembeni. Adongo ndiye aliyesema, "Mama anasema miguu ni mizito." Nikauliza inauma? Adongo akamuuliza, akanijibu kwamba si sana. Nikaandika baridi yabisi kwenye kadi, nikampa mke wangu vidonge ampe mamake. Wiki tatu baadaye akaja na fimbo, nikabadilisha vidonge na kuongeza dawa ya kuchua magotini. Nyundo yangu ilikuwa mfukoni siku zote mbili. Haikutoka. Nilijiambia hiyo ndiyo heshima, na ukweli ni kwamba nilijivunia adabu yangu.

Wiki mbili baada ya hapo ndipo akaletwa kitandani. Shemeji yangu mkubwa aliniita kando akaniambia wazi kwamba nyumbani wameshakubaliana: dawa zangu zimeshindwa, hii ni chira, kesho wanampeleka kwa mganga upande wa pili wa mpaka wa Tanzania. Walipita kwangu ili nimuage tu.

Pale kituoni tulikuwa na muuguzi mmoja mzee, Sista Robi, Mkuria, mwembamba, hacheki na mtu kabla ya saa nne. Alimtazama mama pale kitandani, kisha akanitazama mimi.

"Umempima?"

"Nimempa dawa mara mbili, Sista."

"Sijauliza dawa."

Nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba yule ni mkwe wangu, na Sista mwenyewe anajua mila. Sista Robi akanivuta hadi stoo, akafunga mlango, akanisema hadi leo masikio yanawaka. Aliniambia hata kwao Wakuria mkwe haonekani ovyo, kwa hiyo nisimfundishe adabu. "Lakini kwetu mtu akishindwa kwenda mahali, hutuma mtu. Mimi niko hapa wiki tano zote hizi, mbona hukunituma? Mficha uchi hazai, daktari, na wewe uchi uliouficha si hata wako."

Wahenga walisema heshima si utumwa. Mimi heshima yangu ilikuwa imenifunga kamba, na aliyeumia ni mtu mwingine.

Tukafanya hivi. Sista alifunga kamba kati ya misumari miwili, akatundika shuka la kijani. Mama Adongo akalazwa upande ule pamoja na Sista, mimi nikaketi upande huu na karatasi niliyochora umbo la mtu. Mikono na macho vingekuwa vya Sista, masikio na hesabu vyangu. Walisema Kiswahili wao kwa wao, maana Sista hakujua Kijaluo vizuri, na Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni.

Nikampitishia Sista nyundo yangu chini ya shuka. Akagonga goti.

"Limeruka," akasema.

"Limeruka vipi?"

"Nusura linipige kidevuni."

Nikamwambia akwaruze unyayo kwa ufunguo, toka kisiginoni kwenda mbele. Akasema kidole gumba kimeinuka juu badala ya kukunjika chini, na vile vingine vimetanuka. Haya niliyafundishwa, niliyajibu kwenye mtihani, nikapata alama nzuri. Ugonjwa ungekuwa kwenye mishipa ya fahamu ya miguuni, goti lingenyamaza. Goti linaloruka hivyo limepoteza msimamizi wake. Amri ya kulituliza hutoka juu, na mahali fulani njiani ilikuwa imezibwa. Wiki tano nilikuwa natibu magoti yasiyokuwa na kosa.

Mikono je? Sista akamwambia mama amshike vidole aminye kwa nguvu, nikasikia Sista akiguna. Mikono ilikuwa mizima kabisa. Basi tatizo liko chini ya shingo na juu ya miguu. Hapo katikati kuna mwili mzima, tena mwili wa mama mkwe.

Sista akachukua pini, akaanza miguuni akipanda taratibu. Kila akigusa, mama alijibu. Hapa? Hakuna. Hapa? Hakuna. Hapa? Kama kitu kiko mbali. Nilikuwa natia alama kwenye karatasi yangu, mapaja, nyonga, tumbo la chini, na kila "hakuna" ilinidunga mimi. Walipofika kitovuni mama akashtuka. "Hapo inachoma." Sista akarudi chini kidogo: hakuna. Akapanda tena: inachoma. Nikapiga mstari kwenye kitovu cha yule mtu wa karatasi.

Likabaki swali moja, ambalo mkwe hamuulizi mama mkwe hata dunia ikigeuka. Nikalinong'ona, Sista akalisema kwa sauti yake ya kawaida, kama anayeuliza bei ya mtama. Haja ndogo inatokaje? Mama akasema kwamba kwa siku tatu inatoka matone tu, na kwamba hata alipokuja mara ya pili ilikuwa imeanza kumsumbua.

Mstari ukishaupata, mwanangu, usitafute mfupa ulio sawa nao. Ule mshipa mkuu unaopita ndani ya uti wa mgongo ni mfupi kuliko mgongo wenyewe, kwa hiyo panda mifupa miwili mitatu. Nikamwambia Sista amlaze kiubavu, ahesabu mifupa ya mgongo kwa kidole. Alihesabu, akasimama. "Huu umetokeza," akasema. "Kama goti la mtoto." Akaugonga kidogo, na mama akatoa sauti ambayo sijaisahau.

Sista akasema, "Nimemfunika kwa leso kote, pamebaki mahali pa kiganja kimoja. Njoo uguse mwenyewe." Sikuinuka. Ndipo nikasikia sauti ya mama nyuma ya shuka, safari hii kwa Kijaluo, akisema nami moja kwa moja, zaidi ya salamu, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

"Njoo, mwanangu. Kama ni chira, itaanza na mimi niliye mzee."

Nikaingia, nikaweka vidole viwili pale. Mfupa ulikuwa umevunjika kwa ndani na kusukuma nyuma, mahali pale pale karatasi iliposema. Niliona aibu, niliona hofu, na nililia mbele ya mkwe wangu, nalo ni kosa jingine kimila.

Wahenga husema mwiba uingiapo ndipo utokapo. Labda, kwa miiba. Kwa mishipa ya fahamu si hivyo. Bomba likipasuka kilimani, anayekosa maji ni mtu wa bondeni, naye hata ukimchimbia uwanja mzima hutalipata lile tundu.

Sista alimwekea mpira wa mkojo. Tukang'oa mlango wa stoo, tukamlaza juu yake amenyooka, tukamfunga kwa leso asitikisike, akapakiwa nyuma ya pikapu ya samaki hadi hospitali kubwa ya Homa Bay. Shemeji zangu hawakubishana. Walikuwa wameketi kwenye benchi mlangoni na kusikia kila kitu. Picha ya eksirei ilionyesha kifua kikuu kilichoingia kwenye mifupa ya mgongo, ingawa hakuwa na kikohozi hata siku moja. Alinywa dawa mwaka mzima bila kuruka siku.

Alitembea tena. Chira haikuja, wala kwake wala kwetu. Lakini mguu wa kushoto haukurudi sawasawa, ulikuwa unaburuta. Kila Desemba tulipokwenda Magunga niliuona ule mchirizi kwenye vumbi la uani, toka langoni mpaka mlangoni, umepita kando ya nyayo za mguu mzima. Yeye hakunilaumu kamwe. Alinikaribisha chai, tukatazama pembeni kama ilivyo desturi. Mimi nilijua tu kwamba wiki zangu tano zilikuwa pale chini zimeandikwa.

Kwa hiyo nisikilize. Panapouma si lazima pawe ndipo penye ugonjwa. Uulize mwili kwanza, hatua kwa hatua, pale unapojibu na pale unaponyamaza, na kati ya jibu na kimya ndipo utaukuta. Usiwadharau wazee na miiko yao, maana hata mimi sikuwahi kuidharau. Tafuta shuka, tafuta leso, mtume mtu, geuza kichwa ukitaka, lakini pima. Haya yako isikae kwenye mwili wa mgonjwa.

Mpigie yule mchungaji kesho, kabla ya chai. Mwambie arudi sasa, asingoje wiki mbili. Muulize ni vidole vipi vilivyokufa ganzi, vyote au viwili, kisha mpe shuka ajifunike, na uanzie shingoni, mishipa ya mkono inakotoka.

Mungu akupe vidole vyenye adabu visivyoogopa. Akupe na Sista Robi wako, mtu wa kukufungia stoo akuambie ukweli. Na wagonjwa wako wote, mwanangu, watoke kwako wakiacha nyayo mbili kwenye vumbi.